Soko Lilipogeuka Kijani

Chung Tien-fu alimkuta Mzee Tseng saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu tarehe 17 Oktoba 2022, amelala chali kwenye sakafu ya saruji nyuma ya nyumba yake. Tunda moja la persimoni lililomenywa lilikuwa limepondeka chini ya bega lake. Chung alidhani rafiki yake ameteleza. Kisha akatazama juu, akakumbuka kwamba ukuta wa paa lile humfika mtu mzima kifuani, akapiga simu polisi.

Inspekta Fan Shu-ping alifika mji mdogo wa Hsinpu saa moja na dakika tano. Alipanda paani peke yake. Upepo wa Oktoba ulikuwa mkali kiasi cha kumlazimu ashike kofia. Nyungo kumi na nane za mianzi zilipangwa safu tatu, zimejaa matunda yaliyomenywa ya rangi ya machungwa. Alizikagua moja moja. Katika nyungo kumi na moja, kila tunda lilikuwa limeminywa kwa vidole, kama wafanyavyo wakaushaji kila asubuhi. Katika nyungo saba, bado. Mtu alikuwa ameacha kazi katikati.

Juu ya kigoda, simu ya marehemu ilikuwa imelazwa vizuri, kioo juu, safi kama imetoka dukani.

Chini, daktari wa polisi alikuwa akikunjua kiganja cha maiti.

“Vinanata hivi vidole,” alisema daktari. “Utomvu wa matunda. Mpaka kwenye kucha.”

“Mikono yote miwili?”

“Yote miwili. Amekufa kati ya saa kumi na mbili kasoro robo na saa kumi na mbili na robo. Hawezi kuwa ameanguka kwa kuteleza, Inspekta. Ama alipanda ukuta, ama alipandishwa.”

Simu haikuwa na namba ya siri. Mzee alikuwa akimpa yeyote amkuzie herufi. Picha zote zilikuwa zimefutwa, na mazungumzo yote pia, isipokuwa ujumbe mmoja uliotumwa saa kumi na mbili na dakika tano kwa binti yake, Pei-shan, muuguzi huko Taichung: *Skrini yote imejaa nyekundu. Nimewaponza wenzangu. Nisamehe, mwanangu.*

Mkuu wa Fan aliusoma ujumbe ule aliotumiwa kwenye simu yake, akampigia.

“Wa tatu mwezi huu, kwa sababu ya hili soko la hisa. Mtu akiamua kuondoka husafisha simu kwanza. Malizia karatasi, Fan.”

“Alisafisha simu kwa vidole vinavyonata, mkuu? Kioo hakina hata alama.”

Mkuu alikubali. “Una siku tatu. Mafundi wa Taipei watahitaji wiki nzima kurudisha vilivyofutwa.”

Chung alikuwa ameketi kwenye ngazi, kofia ya pikipiki magotini. Alikuwa na miaka sitini na sita, mkulima wa mboga, na hakusubiri kuulizwa.

“Afande, bora nikuambie mimi kabla hujaambiwa na wengine. Ijumaa nilimwambia mbele ya watu kwamba nitamtupa kutoka ghorofani.”

“Kwa nini, mjomba?”

“Niliuza shamba la chini nikanunua hisa za Luochuan, kampuni ya pampu. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa wakala wa hisa. Alifanya kazi ya ufundi wa pampu miaka thelathini kwenye viwanda vya chipu za kompyuta, nikasema huyu anajua. Nilinunua kwa dola mia mbili na kumi kila moja. Ijumaa zilifungwa kwa themanini na nne.”

“Leo saa kumi na mbili ulikuwa wapi?”

“Jikoni mwa shule ya msingi, napeleka kabichi. Mpishi alinitilia sahihi. Halafu nikaja hapa kumwomba radhi.” Uso wake ulikunjamana. “Nilimletea tambi za mchele. Ziko pale kwenye pikipiki, zimepoa.”

Mpishi alithibitisha: Chung alikuwa naye kuanzia saa kumi na moja na dakika hamsini hadi saa kumi na mbili na dakika ishirini. Pei-shan, ambaye majirani walisema aligombana na baba yake kuhusu kuuza nyumba, alikuwa zamu wodini usiku kucha.

Saa nne asubuhi Fan aliingia kwenye ukumbi wa wakala wa hisa mjini Zhubei, ghorofa ya tatu, mahali ambapo Tseng na kikundi chake cha watu kumi na wanne walikuwa wakikaa kila siku kuanzia soko lifunguliwe saa tatu hadi lifungwe saa saba na nusu. Ubao mkubwa ukutani ulikuwa kijani kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyekuwa akiongea. Bibi mmoja alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mzee mwingine alikuwa akifungua na kufunga kifuniko cha chupa ya chai bila kunywa.

Kwenye safu ya tatu, na kikapu cha chakula mapajani, alikuwa amekaa mama mzazi wa Fan.

“Mama?”

Bi Liu Chin-mei aligeuka taratibu. “Usinifokee mbele za watu, Ping.”

“Unafanya nini hapa?”

“Wanachofanya wenzangu.”

“Umeweka kiasi gani?”

Bi Liu alitazama ubao. Alikuwa na miaka sabini na minne, na Fan hakuwahi kumwona akiogopa, hata siku ya mazishi ya baba. Sasa midomo ilikuwa ikimcheza.

“Kiinua mgongo cha baba yako,” alisema. “Chote.”

Fan alitoka nje kwenye korido, akampigia mkuu wake, akamwambia mama yake ni mmoja wa kikundi. Mkuu alijibu kwamba hana mtu mwingine wa kumtuma, aendelee. Fan alisimama kidogo akiwa ameegemea ukuta. Akarudi ndani.

Mtu aliyekuwa akizunguka akiwagawia watu maji alikuwa Yeh Po-chun, miaka hamsini na miwili, shati la kola, sauti ya upole. Wote walimwita Mwalimu. Aliishi California miaka ishirini akinunua na kuuza hisa, akarudi, na kila Jumanne aliwafundisha bure katika chumba cha nyuma.

“Kina mama, msiuze,” alikuwa akisema. “Kila chipu duniani inapita kwenye mtambo, na kila mtambo una pampu. Luochuan wana oda mpaka mwakani. Hofu ya wengine ndiyo punguzo letu. Wanaokimbia leo watarudi wakilia.”

“Tseng amekufa, Mwalimu,” alisema bibi wa safu ya pili, Bi Tsai. “Unatuambia habari za punguzo?”

“Ndiyo maana nasema tusikate tamaa kama yeye. Jamani, tushikane.”

Fan alimwita pembeni.

“Mara ya mwisho ulimwona lini Mzee Tseng?”

“Ijumaa, soko lilipofungwa. Alikuwa amelemewa sana. Nilipaswa kuliona hilo, Inspekta. Najilaumu.”

“Na leo asubuhi, saa kumi na mbili?”

“Nimelala. Usiku kucha nilikuwa nafuatilia soko la Marekani, kama kawaida yangu. Likifungwa saa kumi alfajiri ndipo napanda kitandani. Niliamka saa mbili.”

“Kulikuwaje huko Marekani?”

“Vibaya,” alisema Yeh, akatikisa kichwa. “Vibaya sana.”

Fan aliandika.

Siku ya Jumanne alirudi ukumbini na kuketi karibu na mama yake tangu saa tatu. Alitaka kuwasikia watu wakizungumza wao kwa wao. Bi Liu alimpa nusu ya kitumbua cha mchele bila kumtazama.

“Mtu hatembei peke yake sasa,” Bi Tsai alinong’ona kutoka safu ya mbele. “Mume wangu ananisindikiza mpaka mlangoni. Wanasema Chung ndiye.”

“Chung hana roho hiyo,” alisema Bi Liu. “Kuku tu anamwomba jirani amchinjie. Na Tseng hakujirusha. Jumatatu alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini, alinitumia zile picha zake za salamu za kila siku, zenye maua na jua linalochomoza. Mtu anayetaka kufa anatuma maua?”

“Ulizitazama?”

“Sijazifungua hata moja. Moyo haunipi. Bado zimo humu.” Alipapasa simu kwenye kikapu.

Wakati huohuo ukumbi mzima ulilipuka kwa kelele, na Fan akaruka akidhani mtu ameanguka. Watu walikuwa wamesimama. Kijana mmoja alipiga makofi.

“Nyekundu! Nyekundu! Luochuan imegeuka nyekundu!”

Katikati ya ubao wa kijani, mstari mmoja ulikuwa mwekundu. Bi Tsai alikuwa akilia na kucheka. Dakika nne baadaye mstari ukarudi kijani, na wote wakaketi kama waliokatwa kamba.

“Mama,” Fan alisema polepole, “nyekundu ni kupanda?”

“Sasa wewe umezaliwa wapi? Nyekundu ni heri. Kijani ni hasara. Hata taarifa ya habari huangalii?”

“Naangalia wezi. Kuna mahali ni kinyume?”

“Marekani. Mwalimu mwenyewe wiki za kwanza alikuwa akituchanganya. Simu yake mpaka leo ni ya kule: hasara nyekundu, faida kijani.”

Fan aliukumbuka ujumbe kwa Pei-shan. Aligeuza kichwa. Yeh alikuwa safu moja nyuma yao, trei ya bilauri mkononi, akiwatabasamia.

“Maji, Inspekta?”

“Hapana, asante.”

Alimvuta mama yake mpaka koridoni.

“Swali moja tu. Jumatatu alfajiri, soko la Marekani lilifungwaje?”

Bi Liu alimkazia macho. “Jumatatu alfajiri kwetu, kwao ni Jumapili mchana. Halikufunguliwa, litafungwaje?”

“Usimwambie mtu nilichokuuliza. Nenda nyumbani, ufunge mlango.”

“Unanitisha, Ping.”

“Nataka utishike.”

Alasiri ile aliomba kumbukumbu za kamera ya daraja la kuingilia Hsinpu. Akili yake yote ilikuwa kwenye gari la Yeh. Zile picha za maua hazikumrudia akilini hata kidogo, na kosa hilo hakujisamehe kwa muda mrefu.

Jibu la kamera lilifika Jumatano saa moja na robo asubuhi: gari la kijivu la Yeh lilivuka daraja Jumatatu saa kumi na moja na dakika arobaini na nane, likarudi saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Saa moja na dakika thelathini na tano Fan alikuwa mlangoni kwa Yeh na askari wawili. Hakuna aliyefungua. Mlinzi wa jengo alisema Mwalimu ametoka mapema.

Ndipo picha zilipomrudia. Saa kumi na moja na dakika arobaini. Dakika nane kabla ya gari kuvuka daraja. Na yule mtu na trei yake, safu moja nyuma.

Alimpigia mama yake. Iliita mara sita.

“Ping,” sauti ya Bi Liu ilisikika nyembamba, ya adabu mno. “Nipo na Mwalimu. Amenichukua kunionyesha ghala la Luochuan la Hukou, nione mitambo kwa macho yangu, nitulie. Anasema nimfungulie simu yangu aone picha za Tseng kwa sababu—”

Ikakatika.

Kutoka Zhubei hadi Hukou ni dakika ishirini. Askari aliendesha kwa kumi na tatu. Fan alishikilia mpini wa mlango na kuhesabu taa za barabarani ili asifikirie kuta za paa.

Ghala lilikuwa refu, la mabati, na upepo uliokuwa ukiligonga ulifunika sauti ya hatua zao. Ndani, makreti ya mbao yalipangwa juu kwa juu, kila moja na karatasi ya njano iliyogongwa mhuri: *limeuzwa, Juni*. *Limeuzwa, Julai*. Vumbi lilikuwa nene juu yake. Juu, kwenye ujia wa chuma uliozunguka ghala, Yeh alikuwa amemshika Bi Liu juu ya kiwiko. Reli ilimfika mama kiunoni.

“Jaribu tena,” Yeh alikuwa akisema.

“Nimejaribu, Mwalimu. Nikiogopa nasahau namba. Sasa simu imejifunga, inasema nisubiri nusu saa.”

“Umekosea makusudi, bibi wewe.”

“Mimi mzee. Unategemea nini?”

“Mwachie,” alisema Fan kutoka chini.

Yeh aligeuka. Hakumwachia. Uso wa upole ulikuwa bado pale, umebandikwa vibaya.

“Inspekta. Mama yako kizunguzungu kimemshika. Ningeshauri msipande kwa haraka.”

Fan alianza kupanda ngazi, mikono wazi, hatua moja moja. Askari walibaki chini ya ujia, pande mbili.

“Uliniambia ulilala baada ya soko la Marekani kufungwa,” alisema. “Lilikuwa Jumapili kule.”

“Nilichanganya siku.”

“Gari lako halikuchanganya. Lilivuka daraja la Hsinpu saa kumi na moja na dakika arobaini na nane. Mzee Tseng alikuwa akiminya matunda, mikono imejaa utomvu. Mtu aliyeandika ule ujumbe alikuwa na mikono mikavu. Tena aliandika skrini imejaa nyekundu. Muulize mama yangu. Mzee aliyekaa miaka minane mbele ya ubao ule angeita hasara nyekundu?”

Bi Liu alifumba macho. “Nyekundu?” alisema. “Alimwandikia Pei-shan nyekundu?” Ilikuwa mara ya kwanza kuusikia ujumbe ule. “Ee, Mwalimu. Wewe.”

Yeh aliyatazama makreti kule chini.

“Tseng alinipigia Jumapili jioni,” alisema. “Alikuwa amekuja hapa kumsalimia mlinzi wa ghala, alifanya naye kazi zamani. Akayaona makreti. Pampu arobaini na mbili zilizoandikwa zimeuzwa, na hazijawahi kutoka. Akapiga picha. Hakuwa na hasira hata kidogo, unajua? Alisema, ‘Mwalimu, njoo unieleze kabla sijawaambia wenzangu, huenda sijaelewa.’ Alinipa nafasi.”

“Na wewe ulikuwa unawauzia hisa.”

“Shemeji yangu ni mkurugenzi wa mauzo kule Luochuan. Alinipa hisa elfu themanini nimtafutie wanunuzi. Nani ananunua mitambo ya chipu mwezi huu? Dunia nzima inakimbia! Walibaki hawa tu. Kila siku kila mmoja akinunua mia mbili, mia tatu, na mimi namuuzia mia mbili, mia tatu. Ilibaki wiki moja. Wiki moja tu niwe nimemaliza.”

“Hisa nilizonunua Alhamisi,” alisema Bi Liu, “zilikuwa zako?”

Yeh alitazama pembeni.

“Nakuuliza, Mwalimu. Zile nilizouzia bangili za harusi. Zilikuwa zako?”

Alimtazama, na katika kumtazama vidole vikalegea. Bi Liu hakukimbia. Alikaa chini palepale kwenye chuma, kwa uzito wake wote, akajikunja kwenye nguzo ya reli na kuikumbatia. Yeh aliinama kumvuta. Fan alimfikia kwa hatua tatu, akampiga kumbo ubavuni, wakaanguka pamoja, na reli ikalia. Askari walipofika juu, Yeh alikuwa amelala kifudifudi akipumua kama mtu aliyekimbia kutoka mbali.

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na nne.

Nusu saa ilipokwisha na Bi Liu kufungua simu yake, picha tatu zilikuwa pale: makreti, mihuri ya njano, vumbi. Chini yake Tseng alikuwa ameandika: *Dada Liu, usinunue leo mpaka nije niwaeleze.*

Nje, Bi Liu aliketi kwenye gari la polisi. Alikataa maji. Akatazama saa, akasema:

“Saa tatu soko linafunguliwa.”

“Mama.”

“Habari bado haijatoka. Nikiweka oda ya kuuza sasa, hata kwa sabini, napata kitu. Kesho hakuna.”

Fan alishika usukani. Sheria inayokataza kuuza hisa kwa habari za siri aliijua. Alijua pia bei ya dawa za moyo za mama yake, na kodi, na kwamba mshahara wake hautoshi wote wawili.

“Sijakuomba ruhusa,” alisema Bi Liu. “Nipeleke ukumbini.”

Walifika saa tatu kasoro dakika saba. Wote walikuwa wameketi. Kiti cha Tseng kilikuwa na ua jeupe. Bi Tsai alikuwa na karatasi ya oda mkononi, kalamu tayari.

“Chin-mei! Umechelewa. Mwalimu aliniambia jana kwamba leo ndiyo siku ya kuokota hisa za bei rahisi. Naweka elfu mbili.”

Bi Liu alitembea hadi mbele ya ubao. Blauzi yake ilikuwa na kutu begani. Fan alisimama mlangoni, na hakumzuia.

“Msinunue,” alisema Bi Liu kwa sauti iliyofika mpaka dirishani kwa karani. “Mitambo ya Luochuan haijauzwa, nimeiona mwenyewe ghalani na vumbi lake. Na Tseng hakujiua. Yeh alimtupa kwa sababu alitaka kutuambia.”

Kisha Chung, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa peke yake kwa siku mbili, alijifunika uso. Bi Tsai alitazama karatasi yake, akaikunja mara nne, akaiweka mkobani. Simu ya karani ikaanza kuita, halafu ya pili, halafu zote.

Saa tatu kamili Luochuan ilifunguka kwenye kikomo cha chini kinachoruhusiwa kwa siku, ikakaa hapohapo. Wauzaji walikuwa maelfu. Safu ya wanunuzi ilikuwa sifuri.

Bi Liu alirudi mlangoni polepole.

“Nipeleke nyumbani sasa,” alisema. “Sijala tangu jana.”

Ndani ya gari alijaribu kufunga mkanda mara mbili, akashindwa. Fan aliinama, akamfungia.